Vigingi Vifupi

Ilmar alizikwa ardhi ikiwa bado haijaganda sawasawa, na mtumbwi wake ukabaki nyuma ya sauna, umefunikwa kwa matawi ya msonobari, na theluji ikaja ikalala juu ya matawi. Majira yote ya baridi mkewe Hilja aliupita akienda kuchota maji, akaupita akirudi. Hakuugusa. Alijiambia kwamba anauacha kwa sababu mti wa haab, ule mwepesi wa kuchongea mitumbwi, haupendi kukauka kabla ya wakati wake, na theluji ni blanketi zuri kuliko turubai. Hilo lilikuwa kweli. Lakini silo lililomzuia.

Binti yao, Maret, alikuwa akipiga simu kila Jumapili kutoka mjini Pärnu. Miezi ya mwanzo walizungumza habari za kuni, magoti na paka. Machi ilipoingia Maret akaanza habari za maji. Watu wa upande ule wa mto Halliste hawahitaji kuambiwa maji yanavyokuja. Theluji ikiyeyuka mto hupanda kingo, ukaingia msituni, ukafunika malisho na barabara, kila nyumba ikabaki kwenye kisiwa chake mpaka mto utakapochoka. Asiye na chombo haendi popote. Na mtumbwi wa zamani, ule mrefu, ulikuwa umeoza tumbo. Ilmar mwenyewe aliupasua kuni vuli iliyopita.

"Njoo ukae kwetu mpaka maji yashuke, mama," Maret alisema. "Wiki chache tu."

Hilja alizijua wiki chache za namna hiyo. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto alikwenda vivyo hivyo kwa mwanawe, na sasa paa la nyumba yake limeingia jikoni. Si kwamba watoto ni wabaya. Ni kwamba mtu mzima akishafunga mlango wake kwa nje, mikono yake husahau kuufungua.

"Nitakuja kama sina mtumbwi," akasema.

"Basi si huna."

"Upo. Haujafunguliwa tu."

Maret akamwuliza mtumbwi huo ataufungua nani. Hilja akajibu kwamba chungu chake kinachemka, akakata simu. Jikoni hapakuwa na chungu chochote.

Siku ya pili yake alichukua koleo akaondoa theluji.

Mtumbwi ulikuwa umelala kifudifudi juu ya magogo mawili, mwembamba, wa rangi ya siagi, haujawa na umbo la chombo bado. Ilmar aliukata mti ule mwanzoni mwa vuli. Akauchonga nje, akaulainisha, akaupiga vigingi, akautoboa ndani kwa kukadiria tu, kisha ugonjwa ukamwangusha kitandani na hakuinuka tena. Kilichobaki ni kuuchonga ndani mpaka kwenye vigingi, halafu kuufungua kwa moto na maji.

Hilja hakuwa fundi, lakini alikuwa amekaa ubavuni pa fundi tangu akiwa msichana. Alijua kwamba mtu anayechonga ndani ya gogo hana jicho la kuona nje, hajui ubao umebaki mnene au mwembamba kiasi gani mpaka tezo itokeze upande wa pili, na hapo kilio hakisaidii. Ndiyo maana kabla ya kuchonga, fundi hutoboa matundu madogo kwa keekee upande wa nje, akapigilia vigingi vilivyokatwa urefu mmoja na kuchovywa masizi. Akichonga ndani akakutana na doa jeusi, anajua amefika. Doa jeusi ndilo neno la mwisho. Ilmar alikuwa akisema kwamba kigingi hakina aibu ya kumkatiza mtu mazungumzo.

Alianza nyuma, kwenye tezi. Aliupindua kwa gongo ukalala chali, akaingia ndani ya gogo kwa magoti, akashika tezo ya mume wake, ambayo mpini wake ulikuwa na mabonde yasiyolingana na vidole vyake, akachonga taratibu. Vipande vilitoka vyeupe, vyenye maji, vikinuka kama tango. Alichonga asubuhi nzima akitazamia doa jeusi, na doa jeusi halikuja. Akapapasa nje. Vichwa vya vigingi vilikuwapo, vimejipanga kama vifungo vya koti. Akarudi ndani, akachonga tena, safari hii akichukua kidogo kidogo kama mtu anayekuna ngozi ya viazi vipya. Ndipo doa likatokea.

Aliweka kiganja nje na kiganja ndani, akahisi kama ameshika jani la kabichi. Tangu aolewe hajawahi kuona ubao wa mtumbwi mwembamba namna ile. Akafikia kigingi cha pili, cha tatu, vilevile.

Akatoka akaketi juu ya gogo. Alikumbuka Novemba, Ilmar ameketi mezani jikoni na blanketi mabegani, akikata vigingi vile kwa kisu kidogo. Kisu kilikuwa kikimponyoka. Kila kilipoanguka Hilja aliinama akakiokota, akamrudishia, akaendelea na kumenya vitunguu, bila hata mara moja kuutazama urefu wa vigingi. Sasa aliona wazi kilichotokea. Homa ilikuwa imemdanganya mkono. Mtu aliyekuwa akikadiria unene kwa kucha, na aliyekuwa akiwacheka mafundi wenye rula, amekufa akiwa amekosea kipimo, na hakuna aliyemwambia. Hilo lilimwuma kuliko mtumbwi wenyewe.

Vambola alikuja mchana ule. Alikuwa mseja wa ng'ambo ya malisho, rafiki wa Ilmar tangu darasa la kwanza, mtu mrefu aliyepinda bega tangu farasi amkanyage. Alikuwa na mashua ya bati aliyoinunua mjini, na Ilmar alikataa katakata kuiita mashua, aliiita sufuria. Walitaniana juu ya sufuria ile mpaka mwaka wa mwisho.

"Nimesikia tezo," Vambola akasema. "Nikasema, ama Ilmar amechoka kukaa kule, ama mkewe ameingiwa na wazimu."

"Ni wazimu," Hilja akasema. "Njoo uone."

Aliinama, akagonga tezi kwa kucha, akasikiliza. Akapapasa. Uso wake ukaacha utani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba vigingi ni vifupi, na kwamba hakuna cha kushangaa, mtu wa homa ni mtu wa homa. Akamshauri sehemu yote iliyobaki, katikati na mbele, aache unene wa kidole zaidi juu ya vigingi, wala asivitafute. Tezi imeshakuwa nyembamba, haina dawa, itabidi itiwe mataruma, ile miti ya kukaza ndani, ya karibu karibu.

"Au acha kabisa, shemeji," akaongeza. "Maji yakija nitakupitia na sufuria. Utanipigia kelele dirishani tu."

Hilja akamshukuru. Lakini alijiona amesimama dirishani akimpigia kelele mwanamume wa watu kwa sababu ya mkate na mafuta ya taa, akaona heri Pärnu.

Basi alifanya kama alivyoshauriwa. Kwa siku kadhaa alichonga katikati na mbele, akaacha unene wa kidole, na hakuona doa jeusi hata moja. Kazi ilimwendea vizuri. Ubao ulikuwa mnene chini ya kiganja, mnene kama mitumbwi yote aliyoijua, na kila alipoupapasa alihisi kwamba anamsitiri Ilmar, anafunika kosa lake kabla watu hawajaliona. Jioni alikula viazi na nyama ya chumvi akiwa amesimama, kwa kuwa meza ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Walichagua siku isiyo na upepo. Barafu ya mtoni ilikuwa imeanza kulia, na chini ya theluji ya malisho maji yalishasikika yakinong'ona. Vambola alikuja mapema na mkokoteni wa kuni. Waliuweka mtumbwi chali juu ya magogo, wakawasha mioto mirefu myembamba pande zote mbili, na Hilja akajaza maji ya moto ndani mpaka nusu. Kazi ya kufungua ni kazi ya subira. Mti unapashwa joto mpaka ulainike kama mkate ulioloweshwa, kisha vijiti vinakingamishwa ndani kusukuma mbavu zake nje. Kijiti kifupi kinatolewa, kinawekwa kirefu kidogo, na gogo linafunguka kama ganda la njegere, ncha zake zikiinuka zenyewe. Ukiharakisha linapasuka. Ukichelewa linaungua.

Zamani Hilja alikuwa akimwaga maji tu, na Ilmar akizunguka na kiganja chake ubaoni kama mtu anayempapasa ng'ombe mjamzito, akisema "bado", akisema "bado", mpaka aseme "haya". Leo Hilja alizunguka mwenyewe. Kiganja chake hakikumwambia kitu. Alisema "haya" kwa kubahatisha, na tezi ikafunguka vizuri kuliko alivyothubutu kuomba. Mbao zake nyembamba zilitanuka bila kelele, zikakubali kijiti, zikakubali kirefu zaidi.

Katikati na mbele hapakutikisika.

Waliongeza moto. Wakamwaga maji mengine. Jua likapita juu ya msitu likaanza kuteremka, nyuma pamefunguka, mbele pamefumba, mtumbwi mzima umepinda kama kiatu cha mtu kiwete. Vambola akatia kijiti kirefu katikati, akakipiga kwa kiganja cha mkono mzima. Ubao ukatoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja biskuti.

"Toa," Hilja akasema. "Toa, toa upesi."

Akatoa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, haujapita. Wote wawili wakauinamia. Kisha Vambola akachuchumaa kule tezi, akafumba jicho moja, akautazama mtumbwi kwa urefu wake.

"Hapa nyuma ulichonga mpaka kwenye kigingi?"

"Ndiyo."

"Na kule mbele?"

"Si wewe uliyeniambia niache kidole."

"Nilisema," Vambola akakubali. "Mimi nasema mengi. Nilisema pia sufuria yangu haitavuja." Akasimama kwa shida, akijishika bega. "Mti huu ni mdogo, shemeji. Kwa mti mdogo ubao ule wa kawaida ni mnene mno, haupindi. Palipofunguka ni pale ulipofuata vigingi vya Ilmar."

Hilja akatikisa kichwa. Akasema kwamba haiwezekani, kwamba ubao ukiwa mwembamba namna hiyo chombo hakifai kitu, ni kikombe, mtu hawezi kubeba nyasi wala kuni.

"Haubebi wawili," akasema. "Unanielewa? Mtumbwi huu haubebi watu wawili."

Vambola alisukuma gogo motoni kwa ncha ya buti.

"Wa pili nani, shemeji?"

Mara tu aliposema, ilionekana wazi kwamba angelipa chochote kulirudisha neno lile mdomoni. Alianza kusema kitu kuhusu kuni, akakiacha katikati. Hilja hakumkasirikia. Alikuwa amesimama na ndoo mkononi, na mawazo yake yalikuwa yamekwenda vuli iliyopita, siku walipouondoa mtumbwi mzee uliooza. Ilmar alisema mgongo unamwuma. Akamwambia, hebu uburute wewe mpaka penye kuni, tuone kama bado una nguvu. Akasimama mikono mifukoni, akimcheka, akimwita farasi wake wa kijivu. Hilja aliuburuta kidogo akapumzika, akauburuta tena, na kila alipopumzika Ilmar alikuwa akimtazama, ila si usoni. Alikuwa akiitazama mikono yake, na ardhi aliyokwisha kuipita. Siku ile Hilja alimtukana kidogo, kwa mapenzi, kwa uvivu wake. Na wiki iliyofuata Ilmar akaenda msituni, akapita miti minene aliyokuwa ameitia alama miaka mingi, akakata mwembamba. Hilja alidhani ni kwa sababu hana tena nguvu ya kuangusha mnene.

Hakuna aliyekosea kipimo. Ilmar alikuwa amepima mikono ya Hilja, mmoja na mwingine, akajenga chombo chenye uzito ambao ungeweza kuburutwa juu ya barafu na uzio bila mtu wa kusaidia. Na mezani pale, kisu kikianguka, alikuwa akikata vigingi vya mtumbwi ambao yeye hana nafasi ndani yake, na mkewe akimwokotea kisu.

Ilmar hakumwambia. Labda alijaribu. Hilja alikumbuka jioni moja mumewe alipoanza, "Maji yakija mwakani..." naye akamkatiza, akamwambia anywe supu kabla haijapoa.

"Mwaga maji," akamwambia Vambola.

"Sasa?"

"Mwaga kabla mti haujapoa. Naingia."

Walizima moto wa upande mmoja, Vambola akakumba maji kwa kopo, na Hilja akapanda ndani ya gogo lililokuwa likifuka mvuke, akaanza kuchonga. Mti ulikuwa laini, tezo ilizama kama kwenye jibini. Alichonga katikati akielekea mbele, akaondoa kile kidole chote alichokiacha kwa huruma. Madoa meusi yakaanza kutokea, moja baada ya jingine, kila moja mahali pake, yote yakiwa sawasawa, si kazi ya mkono unaodanganywa na homa hata kidogo. Moshi ulikuwa mwingi. Vambola alikuwa na adabu ya kuulaumu moshi kwa machozi ya Hilja, akisema kuni zenyewe mbichi, akigeuka kutazama mto.

Alipofika ncha ya mbele walijaza maji tena, wakawasha tena. Sasa mti ulikuwa na joto mpaka ndani, na mbao zilikuwa nyembamba kote. Hilja akazunguka na kiganja chake. Alisema "bado". Alizunguka tena akasema "bado", na Vambola, aliyekuwa ameshika kijiti tayari, hakubisha. Aliposema "haya" mtumbwi ulifunguka kuanzia tezi mpaka omo kwa pumzi moja ndefu, ncha zikanyanyuka, na ule ufa wa katikati ukabaki pale pale, wa unywele, hauendi mbele wala nyuma.

Vambola alitaka kusema neno la mzaha, ilionekana. Mwishowe alisema tu kwamba angependa chai.

Mataruma waliyatia wiki ile, ya mizizi ya msonobari iliyopinda yenyewe. Ufa waliukalafati kwa nyuzi za katani, na lami wakapaka moto moto nje na ndani. Maret alipopiga simu Jumapili, Hilja alimwambia umefunguka. Maret akauliza unabeba watu wangapi, kwa maana alitaka kuja na watoto Pasaka. Hilja alihamisha simu sikio la pili.

"Mmoja," akasema. "Mkija, Vambola atawavusha kwa sufuria."

Akangoja kubishiwa, Pärnu iletwe tena mezani. Lakini Maret alikuwa akilia, polepole, kwa kuziba mdomo, na Hilja alimsikiliza mpaka alipomaliza. Walikuwa hawajawahi kulia pamoja, hata siku ya mazishi. Kila mmoja alikuwa amemwogopa mwenzake.

Maji yalikuja kama yanavyokuja, bila kishindo. Asubuhi moja ua wa nyumba ulikuwa nyasi kavu za mwaka jana. Kesho yake ulikuwa mbingu, na miti imesimama ndani yake mpaka magotini. Gari la mkate lilisimama mbali, pale barabara inapopanda kilima, likapiga honi.

Hilja aliuburuta mtumbwi kutoka nyuma ya sauna peke yake. Ulikwenda. Hakupumzika hata mara moja njiani, na hilo lilimfanya asimame ukingoni kwa muda, kamba mkononi, akihema ingawa hakuwa amechoka. Kisha akausukuma, akaingia, akaketi.

Mtumbwi ulikaa vibaya. Ulizamisha pua, ukainua mkia, ukazunguka polepole ukikwaruza majani. Ilimchukua muda kuelewa alichofanya. Alikuwa ameketi mbele, uso kwa mto, mikono mapajani, kama alivyoketi miaka yote ya ndoa yake, akingoja kafi lisikike nyuma.

Gari likapiga honi tena. Hilja akageuka. Ikabidi aende kwa magoti na viganja, akishika ubavu huu na ule, chombo kikiyumba chini yake, mpaka tezi. Akaketi pale, akatoa kafi chini ya miguu yake. Mtumbwi ukatulia, ukakaa sawa juu ya maji, na mbele yake mahali pote pakawa wazi, mpaka kwenye miti.